Uzi: Simu iliniambia ni "mlipuko", nikaipuuza. Kumbe ni chanzo kipya cha eksirei

#1 Mwalimu_wa_Rau

Wakuu habari za jioni. Huku Rau umeme umekatika tangu saa kumi na mbili na chaji yangu iko asilimia 41, kwa hiyo nitaandika kwa vipande. Mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapa Moshi. Leo kipindi cha mwisho kidato cha nne tulikuwa kwenye eksirei. Nikachomekea kwamba hata angani viko vyanzo vya eksirei, na vingine huzuka ghafla mahali ambapo jana hapakuonekana kitu, vikang'aa wiki kadhaa au miezi, halafu vikazima. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sijasikia sauti yake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, wanajuaje kwamba ni kipya? Si inawezekana kilikuwepo ila hakuna aliyekitazama?"

Nikampa lile jibu letu la kiualimu, "swali zuri sana, tutalirudia." Kengele ikaniokoa.

Limenichoma kwa sababu nina kisa nalo. Tarehe 24 Agosti 2023 simu yangu iliingiza taarifa kutoka setilaiti ya Swift: mlipuko wa miale ya gama, GRB 230824A (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko huo). Milipuko ya gama ni mambo ya sekunde chache hadi dakika, na Swift huikamata karibu miwili kwa wiki. Nikasema haya, umeshapita huo, nikaitelezesha pembeni na kuendelea kusahihisha madaftari.

Haukupita. Uliendelea kung'aa, na siku zilizofuata ukazidi. Wakalazimika kuubadilisha jina: haukuwa mlipuko wa gama wa galaksi ya mbali, ni chanzo kipya humuhumu kwenye galaksi yetu, kikaitwa Swift J1727.8-1613. Mimi nilikuwa na ujumbe mfukoni siku ya kwanza kabisa, na jioni ile mahali penyewe palikuwa karibu na utosi wangu, juu ya mkia wa kundinyota la Nge. Nilikuwa nasahihisha madaftari!

Naomba tujadili. Kesho nina kipindi cha tatu na yule binti atauliza tena.

#2 Sokoni_Mbuyuni

Nimevuta kigoda. Shusha vitu mwalimu.

#3 Dakika_Sifuri

Mwalimu wa sekondari wa Rau anatumiwa ujumbe na setilaiti ya Marekani. Hii chai haina hata tangawizi.

#4 Mwalimu_wa_Rau

Mkuu Dakika, hata wewe unaweza kuzipata. NASA wana mtandao wa kusambaza taarifa hizi, unajiandikisha kwa baruapepe, bure. Hawaulizi wewe ni nani wala una digrii ngapi. Kasi ndiyo muhimu: Swift ikigundua kitu, inageuka yenyewe kukitazama kwa darubini zake nyingine, na wakati huohuo taarifa inashuka duniani ili wenye darubini popote walipo nao wageuke.

Na hilo jina si la kubahatisha, ni anwani. Swift ni setilaiti iliyokiona. 1727.8 ni saa 17 na dakika 27.8 kwenye mstari unaozunguka anga kama longitudo, na -1613 ni nyuzi 16 na dakika 13 kusini mwa ikweta ya anga. Ukipewa jina tu unajua uelekee wapi. Afadhali kuliko kuelekezwa nyumba Pasua.

#5 Sokoni_Mbuyuni

Hapo kwenye Pasua umenigusa, na mimi naishi hukohuko.

#6 Fundi_Picha

Mwalimu, nakusalimu kutoka Arusha. Mimi ni mpiga picha wa eksirei hospitalini, mwaka wa kumi na nne sasa, kwa hiyo hapa ngoja nami nichangie kidogo upande wa mionzi. Mambo ya nyota mtayamalizia wenyewe.

Mashine yangu hutengeneza eksirei kwa kurusha elektroni kwa nguvu kubwa ya umeme, kilovolti 100 na zaidi kwa picha ya kifua, zikagonga kipande cha tungsteni. Zinapokatishwa mwendo ghafla, sehemu ndogo sana ya nguvu yao inatoka kama eksirei na iliyobaki yote ni joto. Kule juu hakuna tungsteni wala waya. Kuna gesi inayozama kuelekea kitu kizito mno, shimo jeusi au nyota ya nyutroni (mabaki mazito ya nyota iliyokufa), inasuguana yenyewe kwa yenyewe hadi inafika nyuzi milioni kadhaa. Kitu chenye joto hilo hakiwaki kwa mwanga wa macho. Kinawaka kwa eksirei.

Tofauti ya pili ndiyo ninayoipenda. Mimi nikipiga picha namulika mtu, nasoma kivuli cha mifupa yake. Wao hawamuliki chochote. Wanakaa gizani wanahesabu chembe za mwanga zinazoingia, moja baada ya nyingine, na kila moja wanaandika imeingia saa ngapi na ina nguvu kiasi gani. Kwa hiyo "picha" yao ni daftari la mahudhurio hasa. Anayegundua chanzo kipya ameona upande fulani wa anga mahudhurio yamepanda ghafla.

#7 Dakika_Sifuri

Fundi swali la kijinga, lakini nauliza hivyohivyo. Nimewahi kusoma kwamba eksirei za angani hazifiki chini kwa sababu hewa inazizuia. Sasa mbona hospitali miale inatoka kwenye mashine, inapita hewani, inanipita hadi mimi?

#8 Fundi_Picha

Si la kijinga hata kidogo. Nimeulizwa na wanafunzi wa vitendo wakakosa jibu wao na mimi.

Kati ya mashine na kifua chako kuna mita moja au mbili za hewa. Kati ya anga na kichwa chako kuna hewa yote ya dunia, na ukiipima kwa uzito ni sawa na kusimama chini ya maji ya kina cha mita 10. Weka mgonjwa upande wa pili wa mita 10 za maji uone kama nitapata picha. Halafu eksirei nyingi wanazozitafuta wao ni laini kuliko zangu, zinamezwa mapema zaidi. Hata ukipanda hadi kileleni huo mlima wenu, bado karibu nusu ya hewa iko juu yako. Ndiyo maana lazima chombo kiende juu kabisa.

#9 Mama_Kihamba

Mlima "wenu"? Fundi, mbona Arusha mnapiga nao picha kila asubuhi kukiwa hakuna wingu?

#10 Mwalimu_wa_Rau

Shikamoo mama. Asante Fundi, hilo la daftari la mahudhurio nalihamishia darasani kesho, sitataja nimelitoa wapi.

Turudi kwa swali la binti. Wajapani wana chombo kinaitwa MAXI, kimefungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tangu 2009. Kituo kinaizunguka dunia kila baada ya dakika 92 hivi, na kila mzunguko MAXI inapitisha macho yake membamba karibu anga zima, kama mtu anayepiga deki. Wanayo kumbukumbu ya kila kona, mzunguko kwa mzunguko. Kikizuka kitu, wanarudi nyuma: jana palikuwaje? Wiki iliyopita? Mwaka jana? Kisha wanafungua orodha za setilaiti zilizotangulia. Mahali hapo kuna jina? Hakuna? Ndipo moyo unaanza kwenda mbio.

Na hapo bado hawajatangaza. Nilivyosoma taarifa zao kwa miaka hii, sehemu kubwa ya kazi ni kujishuku. Huenda ni mwanga wa Jua umepenya pembeni ya kamera. Huenda ni chanzo cha zamani kilicho jirani, kimewaka kuliko kawaida, na macho ya chombo hayawezi kuwatenganisha. MAXI peke yake inakupa eneo ambalo upana wake unalingana na mwezi mpevu au pungufu kidogo, na upande wa katikati ya galaksi hapo ndani zimejaa nyota kama dagaa. Kwa hiyo wanamwita Swift, naye anaingia na darubini yake ya eksirei, anapunguza eneo mara mamia. Wenye darubini za kawaida wanatafuta ndani ya hicho kiduara: kuna nyota iliyoongezeka mwanga? Afrika Kusini kule Sutherland wana darubini ya SALT, wanaisambaza rangi za mwanga wake na kuona kama kuna gesi inayozunguka. Na MeerKAT, antena 64 kule Karoo, wanasikiliza mawimbi ya redio kuona kama kuna mikondo ya gesi inayotupwa nje. Ndani ya siku mbili tatu kitu ambacho hakikuwa na jina kina watu mabara matano wanakiangalia.

Sasa kichekesho chetu sisi wa Moshi. Hiyo MAXI imefungwa kwenye chumba cha Wajapani, na chumba hicho kinaitwa Kibo, kama kilele cha mlima wetu. Kwa Kijapani maana yake ni tumaini.

Chaji 29.

#11 Dakika_Sifuri

Ina maana kuna Kibo nyingine inapita juu ya Kibo. Na wageni wanalipa dola kupanda hii ya chini.

#12 Mtu_wa_Ngomeni

Wa bara hamjambo. Mimi ni wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Huwa nasoma tu kimyakimya, lakini mmeitaja Kibo na mkaiacha Uhuru, hapo nimeona mmetuonea.

Setilaiti ya kwanza kabisa duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani pekee iliitwa Uhuru. Jina lake ni Kiswahili, na ilirushwa kwetu. Nyie wa Moshi mna kilele cha Uhuru, sisi tuna setilaiti. Waitaliano walijenga majukwaa baharini mbele ya kijiji chetu, wakayaita San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti hiyo ya Wamarekani ikarushwa pale. Siku hiyo ni Jamhuri Dei, Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, ndipo ikapewa jina hilo. Miguu ya yale majukwaa ipo hadi leo, wavuvi wanaipita.

Walikuja kwetu kwa sababu ya ikweta. Ngomeni iko nyuzi tatu tu kusini. Ukirushia karibu na ikweta, mzunguko wa dunia wenyewe unakusukuma, na setilaiti inabaki njia ya kati ambako chembe za mionzi zinazoharibu vipimo ni chache. Kabla ya hapo walikuwa wanatumia roketi zinazopanda na kuanguka, unapata dakika chache tu za kutazama. Ndivyo mwaka 1962 kundi la mwanafizikia Riccardo Giacconi waliikuta Scorpius X-1, chanzo kikali cha eksirei angani, wakiwa wametumwa kutafuta eksirei kutoka mwezini. Giacconi huyohuyo ndiye aliyeiongoza Uhuru, na mwaka 2002 akapata Nobeli. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikaacha orodha ya vyanzo 339.

Sasa mwalimu, jibu la binti yako hili hapa. Oktoba 1974 pale pale San Marco ilirushwa setilaiti ya Waingereza, Ariel 5. Tarehe 3 Agosti 1975 ikaona kitu upande wa mashariki ya Orioni. Mahali hapo Uhuru ilikuwa imeshapita ikihesabu, na haikuandika lolote. Ndani ya siku chache kikaipita Scorpius X-1 yenyewe, kikawa ndicho king'aacho zaidi kwa eksirei angani ukiondoa Jua. Wakakiita A0620-00, A ni ya Ariel. Kwa miezi kikafifia, kikapotea.

Lakini kuna watu wakaenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambako wameweka sahani za kioo za picha za anga za tangu enzi za mababu. Wakatafuta pale pale. Mwaka 1917 nyota hiyohiyo iliwahi kuwaka. Ilipigwa picha, sahani ikawekwa kabatini, hakuna aliyeishughulikia miaka 58.

Binti ana haki. Kilikuwepo.

#13 Mwalimu_wa_Rau

Nimesoma hii mara mbili kwa mwanga wa mshumaa. Ahsante sana kaka wa Ngomeni.

#14 Sokoni_Mbuyuni

Lakini wakuu, kwa nini kiwake halafu kizime? Kama gesi inamezwa, si imezwe siku zote? Shimo jeusi linafunga Ramadhani?

#15 Mpare_wa_Mwembe

Naomba hili nilijibu mimi, nimesoma kidogo na kwetu tunaliona kila wiki.

Huko Upareni tuna ndiva. Ni bwawa dogo la kijiji, maji ya mfereji yanaingia usiku kucha kidogokidogo. Asubuhi zamu yako ikifika unazibua, maji yote yanashuka shambani kwa mkupuo. Likiisha unaziba, linaanza kujaa upya. Mfereji haujawahi kubadilika. Kinachobadilika ni lango.

Kwenye A0620 kuna nyota ndogo, nyepesi kuliko Jua, inaizunguka shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara sita na ushee. Ziko karibu kiasi kwamba mzunguko mmoja ni saa 7 na dakika 45, yaani unatoka Moshi kwa basi, hujafika Dar, mwaka wao umeshaisha. Gesi inachuruzika kutoka kwenye nyota kila siku, lakini haidondoki moja kwa moja kwa sababu ina mwendo wa kuzunguka. Inatengeneza sahani ya gesi inayolizunguka shimo. Sahani ikiwa baridi gesi yake haina msuguano wa kutosha, inakaa, inarundikana. Miaka inapita. Inapofika joto la nyuzi elfu kadhaa haidrojeni inaanza kupoteza elektroni zake, msuguano unapanda ghafla, na lango limezibuka. Rundo la miongo mizima linashuka ndani kwa wiki chache. Hapo ndipo simu ya mwalimu inalia.

Tofauti moja na ndiva: kule hakuna mzee wa zamu. Linazibuka lenyewe.

#16 Fundi_Picha

Mpare, umenimalizia. Nimeshika simu natabasamu peke yangu, wagonjwa wa zamu ya usiku wananishangaa.

#17 Dakika_Sifuri

1917 na 1975 ni miaka 58. 1975 jumlisha 58 ni 2033. Wakuu nimegundua! Naomba kiitwe Dakika J2033.

#18 Mtu_wa_Ngomeni

Ungelikuwa na haki kama lingekuwa basi. Tazama V404 Cygni, nayo ni ya aina hiyohiyo. Iliwaka 1938 watu wakaiandika kama nova ya kawaida, yaani nyota inayowaka ghafla. 1989 setilaiti ya Kijapani, Ginga, ikaiona kwa eksirei, wakadhani wamepata kitu kipya, walipofungua vitabu wakaikuta ile ya 1938. Kisha 2015 mwezi wa Juni, na kabla mwaka haujaisha ikawaka tena Desemba. Miaka 51, miaka 26, miezi sita. Ipangie ratiba hiyo.

#19 Mama_Kihamba

Mimi ni mstaafu, sikusoma hayo, nauliza kama mzazi. Mwalimu, ile ya 2023 ungeifungua ungeiona kweli? Usije ukawa unajilaumu bure.

#20 Mwalimu_wa_Rau

Mama umenishika pabaya. Hapana. Hata iliponawiri, kwa mwanga wa kawaida ilikuwa hafifu, ilihitaji darubini yenye kioo cha sentimita 20 hivi na mtu anayejua kuitafuta. Mimi nina binokula niliyonunua mtumba Mbuyuni, upande mmoja una ukungu. Kwa eksirei ilikuwa mara saba ya Nebula ya Kaa, yaani mabaki ya ile nyota iliyolipuka mwaka 1054, ambayo ndiyo kipimo chao cha kulinganishia. Kwa macho ya Rau, sifuri.

Kinachoniuma ni kwamba niliamini jina. Iliandikwa GRB, nami nikaifunga kichwani hapo hapo. Na wao wenyewe ndio waliokuwa wameliandika, ila wao waliendelea kuhesabu.

Chaji 12.

#21 Sokoni_Mbuyuni

Kabla haijazima: nimesikia Wachina nao wana yao.

#22 Mpare_wa_Mwembe

Einstein Probe, ilirushwa Januari 2024. Hiyo ni kiboko. Kamera zake zinaona nyuzi mraba 3,600 kwa mtazamo mmoja, karibu sehemu moja ya kumi na moja ya anga zima. Eksirei haipindwi na lenzi, inapita tu, hadi uigongeshe kwenye kioo kwa pembe ndogo sana kama jiwe linaloruka juu ya maji. Wakaiga jicho la kambakoche, ambalo halina lenzi kama letu, lina vijitundu vya mraba maelfu na mwanga unaruka kwenye kuta zake. Tangu ianze kazi inakamata vitu vinavyozuka na kuzima, mfululizo. Kimoja cha Machi 2024 mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni 12.

#23 Dakika_Sifuri

Jicho la kamba. Tangu post ya tatu nilisema hizi ni kamba.

#24 Mama_Kihamba

Dakika, mwanangu, nenda kalale.

#25 Mwalimu_wa_Rau

Umeme umerudi! Nimeandaa kipindi. Nitaanza na Uhuru, niende Ngomeni, niishie kwenye ndiva. Sitamwambia binti kwamba alikuwa sahihi, nitampa namba za 1917, 1975 na maneno "Uhuru haikuona" ubaoni, aseme mwenyewe.

Na nimeamua jambo. Huu mwezi wa pili anga la Moshi ni safi, na saa tatu usiku mahali pa A0620 panapita karibu na utosi kabisa, katikati ya Betelgeuse, Sirius na Procyon. Jumamosi nawapeleka wanafunzi uwanjani. Mzazi au mwana uzi anayetaka, karibu.

#26 Sokoni_Mbuyuni

Tutaona nini sasa?

#27 Mwalimu_wa_Rau

Hakuna. Imelala, ni hafifu mno hata kwa darubini za watu wenye pesa zao. Tutatazama giza katikati ya nyota tatu.

#28 Sokoni_Mbuyuni

Nakuja. Nilete nini?

#29 Mwalimu_wa_Rau

Mkeka na dawa ya mbu.

#30 Dakika_Sifuri

Mimi pia nipo. Ila 2033 msiniombe radhi mkiwa mmechelewa.